Aliyeona Ni Mtoto wa Shangazi ya Jirani

Jamani, Likasi hii haijapata kumzaa mtu aliyemwona mamba muntu, yule mwanamke wa majini, kwa macho yake mwenyewe. Tafuta Kikula yote, vuka uende Panda, shuka Shituru, piga hodi nyumba kwa nyumba. Utaambiwa aliyeona ni shemeji. Ukimpata shemeji, atakwambia hapana, aliyeona ni fundi baiskeli aliyehamia Kolwezi. Panda gari umfuate Kolwezi, na fundi naye atakuapia kwa Mungu na kwa mama yake kwamba aliyeona ni mtoto wa shangazi ya jirani, na huyo, masikini, alishafariki. Mashahidi wa maajabu hawadumu. Lakini maneno yao! Maneno yao yamebaki mazima: chanuo lipo, nywele zinafika kiunoni, mkia wa samaki unang'aa, na mkononi amevaa saa. Saa! Kiumbe anakaa ndani ya maji siku zote, hana bosi, hana treni ya kuwahi. Anachelewa wapi?

Mimi nimesonya mpaka ulimi umeota sugu.

Wanasema makao yake ni mto Lufira, hasa kule ziwa Tshangalele. Haya. Lakini ziwa lile, ndugu zangu, halikuachwa na mababu. Ni maji yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, walilojenga Wabelgiji ili mitambo ya kampuni ya madini ya Union Minière ipate umeme. Kwa hiyo mamba muntu wetu ni mpangaji wa kampuni, alihamia saruji ilipokwisha kukauka. Analala mlango mmoja na mashine za umeme, na sisi huku mtaani tunakula bukari kwa mshumaa! Kama nguvu zake ni hizo mnazozisifia, si angetupitishia hata waya mmoja?

Na picha zake je? Wenye umri wangu mnakumbuka, mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba. Sebule bila mamba muntu ukutani ilikuwa sebule ya mtu asiyejiweza. Wachoraji walimchora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, mweupe, kajipodoa, anachana nywele ukingoni mwa mto, na baba mwenye nyumba anaketi chini yake anakunywa bia yake ya Simba, anamtazama kwa jicho la kumwambia: mama, hata mimi nipo. Mke jikoni anajifanya haoni.

Sasa sikilizeni aibu. Miaka ya 1880 huko Hamburg, Ujerumani, kampuni ya uchapaji ya Friedländer ilitoa tangazo la mwanamke wa maonyesho aliyekuwa akicheza na nyoka. Nywele nyingi, nyoka mwilini, macho makavu. Tangazo likavuka bahari likafika Afrika Magharibi, ambako dada wa mamba muntu wetu huitwa Mami Wata, watu wakalitazama wakapiga kelele: huyu ndiye! Mami Wata mwenyewe kajileta! Wakalitundika, wakalifanyia ibada, wakachonga sanamu kwa kulifuata. Na mwaka 1955 mfanyabiashara mmoja wa Kumasi, Ghana, akaagiza lichapwe upya huko Bombay, nakala 12,000. Elfu kumi na mbili! Jini la maji linaagizwa kwa katoni, na iliyolichapa, Mungu ni shahidi, ilikuwa kampuni ya kalenda.

Nilipolieleza jambo hili hapa kijiweni, mzee mmoja alininunia kama nimemtukania ukoo. Akakaa kimya kitambo, akauliza, "Unasema yule mama iko Mjerumani?" Nikamwambia ndiyo, papa, damu ya picha yake ni ya huko. Akatafakari, akatikisa kichwa. "Njo maana iko na saa."

Msicheke, wazungu nao hawana la kutuambia. Tarehe 9 Januari 1493, Kolombo, huyo huyo aliyekwenda kutafuta India akajikwaa Amerika, aliona mamba muntu watatu wameinua vichwa baharini. Leo wenye elimu husema aliona wanyama wanene wa majini, wale ndugu wa nguva wa pwani ya Kenya na Tanzania. Yeye alisadiki ni wanawake wa baharini. Na alisema nini? Kwamba si wazuri kama wanavyochorwa! Aka! Mwanamume ametoka kwao tangu Agosti, miezi mitano anatazama ndevu za mabaharia, anakutanishwa na ajabu ya dunia, na kinachomtoka mdomoni ni kulalamikia sura. Wanaume tuna balaa.

Lakini kinachonichosha hasa si uongo. Uongo ukipikwa vizuri hushibisha, na bibi zetu walitulea kwa uongo wa namna hiyo tukakua wazima. Kinachonichosha ni kwamba mnasimulia nusu. Mnakata hadithi pale pesa inapoingia, halafu mnanyamaza.

Msimulie basi mamba muntu mpaka mwisho! Bibi alivyosimulia, unaokota chanuo lake au unywele wake, usiku anakujia ndotoni akilitaka, mnapatana, utajiri unaingia. Vizuri. Halafu? Halafu usioe, au ukioa usizae, au ukizaa uanze kuzika. Leo mpwa, kesho mdogo wako, keshokutwa mama. Siri ukiitoa, mali inakimbia na akili inaifuata. Hiyo ndiyo hadithi. Andersen, yule Mdenmark, mwaka 1837 naye aliandika ya binti wa baharini, na binti yule alikatwa ulimi ndipo apewe miguu, kila hatua ikawa kama kukanyaga visu, na mwana wa mfalme akaoa mwingine. Huko Denmark wanaijua bei, hapa bei inajulikana, kila mahali bei imeandikwa. Ila mwulize kijana wa kijiweni leo anachokumbuka. Chanuo. Na Land Cruiser.

Kulikuwa na jirani mmoja, simtaji, ambaye bati la nyumba yake lilikuwa limetoboka mpaka mvua ikinyesha wanalala wameshika miavuli. Mwaka mmoja akaezeka upya. Akanunua friji. Mama ee! Jioni ile ile kesi ilishahukumiwa hapa benchini: yule kashika chanuo. Wengine walihesabu misiba ya ukoo wake kwa vidole, wakapata babu aliyefariki akiwa mzee wa kutembezwa, wakasema unaona, ameanza. Hakuna aliyekumbuka kwamba mkewe alikuwa akiamka saa tisa za usiku kukaanga mikate ya kuuza. Mikate si ajabu, haina mkia wa samaki. Basi watu wakaapa hawatatia kinywani chakula cha nyumba ile. Na hawakutia, wana msimamo. Lakini mwisho wa mwezi ukifika, foleni mlangoni kwake! "Yaya, nisaidie kidogo, nitarudisha." Pesa ya mamba muntu hailiki, kumbe inakopeka.

Twende migodini, nako kuna vituko. Mnajua wachimbaji wanavyosema: mwanamke asikaribie shimo, madini yatakimbia. Yana mwenyewe, yana wivu, yakisikia harufu ya mwanamke yanajificha chini zaidi. Nasema sawa, kila nyumba na mwiko wake. Lakini jiwe likishatoka shimoni, nani analiosha? Nani anasimama mtoni maji ya magoti, mtoto mgongoni, anachagua shaba na kobalti kwa vidole mpaka ngozi inabadilika rangi? Mwanamke! Na hapo madini hayakimbii, yametulia tuli kwenye karai. Yanakimbia pale tu penye pesa nzuri. Mwiko huu una akili ya kuhesabu kuliko mhasibu.

Nimpe kila mmoja haki yake, si kila hadithi ni ujinga. Ile ya mutumbula siwezi kuichekea sana. Wazee wetu waliambiana kwamba usiku kuna watu wanatumwa na wazungu, wanakunasa, wanakutupa shimoni, wanakulisha mpaka unenepe, kisha unaliwa, na wengine walisema nyama inatiwa kwenye makopo. Rhodesia ya Kaskazini wakawaita banyama. Pwani ya Kenya na Tanganyika wakasema mumiani, mnyonya damu. Nairobi na Kampala wakawashuku hata wazimamoto, watu wa kuzima moto na gari lao jekundu! Nchi na nchi, lugha na lugha, woga mmoja. Mwanahistoria Mmarekani, Luise White, aliutungia kitabu kizima mwaka 2000. Na usiseme walikuwa wapumbavu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari wakawamiminia risasi. Mtu aliyeona vile akikwambia kampuni inakula watu, utamsahihisha sarufi?

Ila leo! Leo mutumbula amestaafu, kabaki na kazi ya kutishia watoto wasiomaliza sombe.

Na nafasi yake ikajaa vichekesho. Mnakumbuka popobawa? Mwaka 1995, Unguja na Pemba, pepo mwenye mabawa ya popo alikuwa akiingia majumbani usiku na kuwafanyia watu aibu, wanaume kwa wanawake. Watu wazima, wenye vyeo, wakahamishia mikeka nje, wakalala barazani ukoo mzima, moto unawaka. Na akili ya hadithi yenyewe ni hii: ilisemwa popobawa humwandama zaidi anayesema hayupo. Umeona ufundi huo? Usiposadiki, zamu yako inafuata. Basi kila mtu akasadiki haraka haraka, hata wale waliosomea Cairo.

Tusiwacheke Wazanzibari, yetu ni makubwa zaidi. Aprili 2008, Kinshasa, polisi walikamata watu 13 waliotuhumiwa kuwaibia wanaume, nisemeje hapa mbele ya bamama, vifaa vyao vya uzazi. Kwa kuwagusa tu! Ndani ya taksi! Mwanamume anashuka, anajipapasa, anapiga ukunga, umati unakusanyika na mawe. Polisi walikuwa na kazi ya kuwaokoa waliotuhumiwa wasiuawe, na kazi nyingine ya kuwasihi walalamikaji wajitazame vizuri. Kila kilichosemekana kimeibwa kilikuwa palepale. Ai! Na mkidhani ni ushamba wa Afrika, Singapore mwaka 1967 mamia ya wanaume walikimbilia hospitali wakilia kwamba vyao vinarudi ndani, na wengine wamevifunga kwa kamba visipotee. Huko nako lawama ikaangukia nyama ya nguruwe. Dunia nzima, jamani, mwanamume akikosa cha kuogopa anaogopa hapo.

Nirudi nyumbani kabla sijaharibu heshima. Bunkeya si mbali sana na hapa, na kila mtu ana kichwa chake cha Msiri. Historia inajulikana: Mwenda Msiri alitoka upande wa Unyamwezi na watu wake, akatawala Garenganze, akafanya biashara ya shaba, pembe na watumwa mpaka pwani zote mbili zikamjua. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Bodson, wa msafara wa wazungu ulioongozwa na Stairs, akampiga risasi, na Bodson naye akafa kwa jeraha. Kichwa kikakatwa. Kuanzia hapo ndipo benchi linapochukua usukani. Kilitiwa kwenye debe la mafuta ya taa. Kila aliyelibeba alikufa. Kimezikwa Zambia chini ya mawe. Hapana, kiko Ubelgiji kabatini. Hapana, kilirudi chenyewe usiku! Nimeshuhudia watu wazima wakikunjana mashati kwa kichwa ambacho hakuna aliyekiona. Stairs kweli alikufa kwa homa Juni 1892, huko Chinde kwenye mlango wa Zambezi, na benchi linampigia makofi marehemu Msiri. Lakini nikiuliza, kwa nini Wasanga na wenzao walikuwa wamechoka na utawala wake hata kabla mzungu hajafika, na walikuwa wameanza kumwasi? Kimya. Hiyo nusu hawaitaki. Tunapenda kichwa, kiwiliwili hatukiulizi.

Na Waluba na Nkongolo wao! Hadithi tamu, nakubali, kushinda zote. Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi, katili, anakula hadharani mbele ya watu huku mchuzi unamtiririka. Akaja mgeni, mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, akiletewa chakula anajificha asionekane akitafuna. Kutoka kwake akazaliwa Kalala Ilunga. Nkongolo akamwonea wivu kijana, akamwalika kwenye ngoma, akachimba shimo, ndani mikuki, juu mkeka. Cheza hapa mwanangu! Mpiga ngoma akampa ishara kwa mdundo, kijana akachoma mkeka kwa mkuki wake, shimo likaonekana, akaruka akaenda zake. Baadaye akarudi na jeshi, na kichwa cha Nkongolo, wanasimulia, kikaota kichuguu juu yake. Niliposimulia hii, mmoja akasema inatufundisha kwamba wafalme wa kweli hula wamejificha. Nikasonya. Wakubwa wetu wa leo nao wanakula wamejificha, na sijasikia mtu akiwasifu adabu.

Kinachonikata maini ni kwamba siku ukiwaletea la kweli, hawalitaki. Shinkolobwe iko hapo, kilomita kama 20 tu kutoka tulipoketi. Nikawaambia: katika shimo lile ilichimbwa urani. Mwaka 1940 Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yale New York, yakalala kwenye ghala la Staten Island bila wengi kujua yapo. Wamarekani wakayanunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoshuka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu, mikononi mwa baba zetu waliokuwa hawajui wanachobeba. Benchi zima likaangua kicheko. "Yaya, unazidisha!" Mtu huyo huyo ambaye asubuhi alikuwa ameapa kwamba nyoka wa Lufira ana vichwa saba na anajua Kifaransa! "Nani aliona?" ananiuliza mimi. Leo ndiyo wanataka shahidi.

Basi nikasema niwape hadithi ya kweli kweli, ya kuwafunga mdomo. Askofu Steere aliipata Unguja, akaichapa London mwaka 1870: Sultani Darai. Masikini anachakura jalalani akitafuta punje za mtama. Anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema! Paa anakwenda malishoni, chini ya mti anaona almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji mwingine: bwana wangu Sultani Darai anakusalimu, anataka binti yako. Masikini anaoshwa, anavikwa, anaozwa. Paa anaua joka la vichwa saba, anateka jumba limejaa dhahabu, anamkabidhi bwana wake funguo. Hapo benchi lote limenyamaza, wamening'inia mdomoni mwangu, na mimi nikasema moyoni, leo sitawaachia nusu.

Nikaendelea. Paa akaugua. Akamtuma bibi kizee juu: kamwambie bwana ninaumwa. Bwana, aliyekuwa jana anachakura majivu, akajibu: mpeni uji wa mtama mwovu, huo unamtosha mnyama. Mke akamsihi kwa machozi. Wapi! Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Usiku ule mke akaota yuko kwa baba yake, na kulipokucha kweli yuko kwa baba yake. Bwana akaota anachakura jalalani. Kulipokucha anachakura jalalani, kuku wanamtazama, watoto wanauliza, ulikuwa wapi siku zote hizi?

Nikanyamaza, nikangoja. Bamama wawili waliokuwa wakiuza karanga pembeni waliguna. Kijana mmoja, mchimbaji, mikono imeingia vumbi la kijani mpaka kwenye kucha, alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu. Nikafurahi, nikasema angalau mmoja imemwingia. Akanisogelea.

"Yaya," akasema, "ile muti, penye paa alipata almasi, ilikuwa muti gani?"

Nikamwambia ni mti tu, mwanangu, mti wa hadithi.

"Hapana, yaya. Shaba iko na maua yake, wazee banajua, ukiona lile ua unachimba. Basi almasi nayo lazima iko na muti yake. Majani yake ilikuwa namna gani?"

Na wenzake watatu, waliokuwa wamenipa mgongo tangu asubuhi, wakageuka wote kwa pamoja wasikie jibu.